Gimbali Mkononi mwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi: Kurekodi Utendaji kwa Simu ya Rununu Bila Mtikisiko

Utangulizi

Yeyote aliyesoma fasihi simulizi katika vyuo vyetu anafahamu kwamba utanzu huu hauishi katika maneno peke yake. Fanani husema, lakini pia hukunja uso, huinua mkono, hunyamaza mahali ambapo kunyamaza kuna maana, na hadhira nayo huitikia, hucheka, huguna na wakati mwingine humsahihisha. Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na tangu hapo wahadhiri wetu hawajachoka kutukumbusha kuwa matini iliyoandikwa ni kivuli tu cha tukio lenyewe. Hata hivyo, tunapofunga safari kwenda nyanjani tunarudi na nini? Aghalabu tunarudi na video iliyopigwa kwa simu ya rununu, inayotikisika kiasi kwamba mtazamaji hawezi kutofautisha mkono wa fanani ulioinuliwa kwa makusudi na mkono wa mtafiti uliochoka.

Si mara ya kwanza kwa kifaa kuamua ni kiasi gani cha fasihi simulizi kitahifadhiwa. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Mmarekani Milman Parry aliwarekodi waimbaji wa tendi katika nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia kwa kutumia sahani za aluminiamu. Kila upande wa sahani ulibeba dakika chache tu, ilhali utendi mmoja ungeweza kuimbwa kwa saa kadhaa. Parry alitumia mashine iliyoundwa mahususi, yenye meza mbili za kuzungushia sahani, ili moja ilipojaa nyingine ianze bila kumkatiza mwimbaji. Yaliyoandikwa baadaye kuhusu namna waimbaji hao walivyotunga papo kwa papo, hasa na mwanafunzi wake Albert Lord, yalitokana kwa sehemu kubwa na ukweli kwamba mwimbaji aliachwa aimbe apendavyo.

Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kingine, kidogo na cha bei nafuu zaidi, kinachoitwa gimbali. Tutaeleza kilivyo, kinavyofanya kazi, na namna mtafiti wa fasihi simulizi anavyoweza kukitumia. Dai letu ni kwamba gimbali humfaa mtafiti inapoutuliza mkono wake, na humpotosha inapomchagulia cha kutazama.

Gimbali ni nini?

Gimbali ni kishikio chenye mkono uliopindwa, ambacho hubeba simu na kuifanya ibaki katika mkao mmoja hata mkono wa mwenye kuishika unapoyumba. Wengi wetu tumeiona mara ya kwanza mikononi mwa mafundi wa kurekodi harusi, wakimzunguka bibi harusi kana kwamba wanateleza juu ya maji. (Wenzetu wa isimu huenda wakapendelea istilahi kama vile "kitulizi". Nami sina ugomvi nao, ila kwa sasa nitatumia neno ambalo muuza duka atalielewa.)

Wazo lenyewe ni la kale. Maandishi yanayonasibishwa na Philo wa Byzantium, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo, yanaeleza kidau cha wino chenye pande nane. Ndani yake, chombo cha wino kilining'inizwa katika pete zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, hivi kwamba mwandishi angeweza kukipindua kidau upande wowote na kuchovya kalamu yake bila wino kumwagika. Inafurahisha kwamba babu wa kifaa hiki alikuwa chombo cha mwandishi. Baadaye pete hizo zilitumiwa kuishikilia dira ya merikebu ili ibaki mlalo chombo kinapopigwa na mawimbi, na katika lugha kadhaa za Ulaya zikapewa jina la Mwitaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16, ingawa si yeye aliyezibuni.

Katika filamu, hatua kubwa ilipigwa katika miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown alipovumbua Steadicam. Hicho kilikuwa kifaa kilichofungwa kifuani mwa mpiga picha na kutegemea springi na uzani uliosawazishwa. Watazamaji wengi walikiona kikifanya kazi katika filamu ya Rocky ya mwaka 1976. Kilikuwa kizito na ghali, na kilihitaji mafunzo marefu. Gimbali zenye mota za umeme zilianza kuenea miongoni mwa watengenezaji wa filamu mnamo mwaka 2013, na mwaka 2016 kampuni ya DJI ikatoa Osmo Mobile, iliyokusudiwa simu. Tangu hapo kampuni nyingine zimeingia sokoni na bei zimeshuka.

Gimbali ya simu huwa na mihimili mitatu. Mhimili wa kwanza hushughulikia kugeuka kushoto na kulia, wa pili kuinama na kuinuka, na wa tatu kulala upande, mithili ya jahazi lililopigwa na wimbi ubavuni. Katika kila mhimili pana mota ndogo. Vitambuzi vilivyomo hupima mara nyingi mno katika sekunde moja ni kwa kiasi gani simu imegeuka kutoka katika mkao wake, kisha mota husukuma upande wa pili kwa kiasi kicho hicho. Mkono ukiinama kushoto, mota inairudisha simu kulia kabla jicho halijatambua.

Mkono, pembe na umbali

Ili kuelewa gimbali inafaa kwa nini, na inashindwa wapi, sharti tutofautishe aina mbili za mtikisiko. Aina ya kwanza ni ya kuzunguka: simu inabaki mahali pake lakini inageuza uso. Aina ya pili ni ya kuhama: simu inaelekea pale pale lakini inapanda, inashuka au inasogea kando.

Chukulia kwamba fanani ameketi mita 5 kutoka kwa mtafiti. Simu ikigeuka kwa digrii 1 tu, mahali inapolenga pale alipo fanani pamehama kwa takriban sentimita 9, yaani zaidi ya nusu ya upana wa uso wa mtu mzima. Akiwa umbali wa mita 10, pamehama kwa sentimita 17 hivi. Kwa upande mwingine, mkono ukisogea kando kwa sentimita 1 bila kugeuka, picha nayo imesogea kwa sentimita 1 tu, fanani awe karibu au mbali. Ni bayana basi kwamba adui mkubwa wa video ya nyanjani ni mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono, na adui huyo hukua kadiri umbali unavyoongezeka. Mtu akivuta picha karibu kwa kukuza, mtikisiko nao unakuzwa pamoja na uso wa fanani.

Gimbali hupambana na mzunguko. Haiwezi kuzuia kupanda na kushuka kwa mwili mtu anapotembea, kwa kuwa haina njia ya kuinua simu wala kuishusha. Hii ndiyo sababu mtu anayenunua gimbali leo na kukimbia nayo kesho hushangaa kuona video yake ikidundadunda. Dawa iko miguuni: magoti yakunjwe kidogo, hatua ziwe fupi, kisigino kitangulie kugusa ardhi na wayo ufuate polepole, viwiko vikae karibu na mbavu. Anayetembea hivyo huonekana kama mtu anayenyatia kuku, na watoto watamcheka. Acha wacheke.

Pengine msomaji atauliza: je, simu zenyewe siku hizi hazina programu ya kutuliza picha? Zinayo. Programu hiyo hukata kingo za picha na kuitumia nafasi iliyobaki kuisogeza picha ili ionekane imetulia. Mchana, palipo na mwanga wa kutosha, kazi yake ni ya kuridhisha, na kwa mtafiti anayesimama mahali pamoja yaweza kutosha kabisa. Tatizo ni usiku. Ngano katika jamii nyingi za Kenya zilisimuliwa jioni, baada ya kazi, kando ya moto, na bado wapo mafanani ambao hawatakubali kuzitamba jua likiwaka. Katika giza, kamera huacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, pengine sehemu ya ishirini na tano ya sekunde. Mkono ukitikisika ndani ya muda huo, uso wa fanani unachorwa kama ukungu. Programu inaweza kuusogeza ukungu huo katikati ya kioo, lakini haiwezi kuurudisha kuwa uso. Gimbali huzuia mtikisiko kabla haujaifikia picha. Iwapo kuna sababu moja ya mwanafunzi wa fasihi simulizi kuazima au kununua kifaa hiki, ni hiyo. Hata hivyo, ifahamike kwamba fanani akiutikisa mkono wake mwenyewe kwa kasi gizani, ukungu wa mkono huo utabaki. Gimbali humtuliza anayerekodi tu.

Maandalizi

Kosa la kawaida ni kuiwasha gimbali kabla ya kuisawazisha simu. Simu hubanwa kwanza, kifaa kikiwa kimezimwa, kisha husogezwa kushoto au kulia mpaka ikae mlalo yenyewe bila kuanguka upande. Kava nene liondolewe, kwani linaongeza uzani na kuuvuruga usawa. Simu isiyosawazishwa huzilazimu mota kufanya kazi muda wote, na matokeo yake ni betri inayokwisha mapema na mtetemo mdogo unaoonekana kwenye picha. Aidha, kila gimbali ina kikomo chake cha uzani. Osmo Mobile 6, mathalani, iliyotolewa mwaka 2022, imekadiriwa simu za gramu 170 hadi 290. Simu kubwa iliyoongezewa lenzi ya ziada inaweza kuvuka kikomo hicho.

Simu iwekwe katika hali ya ndegeni, kisha bluetooth iwashwe tena ikiwa gimbali inaihitaji. Hakuna jambo la kusikitisha kama methali iliyokatizwa na mtu anayepiga simu kuuliza iwapo umefika salama. Umakinifu wa lenzi na kiwango cha mwanga vifungwe, la sivyo picha itakuwa ikipauka na kuwa nyeusi kila mtu mwenye kanzu nyeupe anapopita. Palipo na taa za umeme, fremu 25 kwa sekunde huzuia mmemetuko, kwa kuwa umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde. Nafasi nayo ikadiriwe. Katika ubora wa 1080, dakika moja huchukua kati ya megabaiti 60 na 130 hivi, kutegemea namna simu inavyoibana video, kwa hiyo saa moja ya ngano inaweza kukaribia gigabaiti 8.

Vichochoro vya Lamu na uwanja wa isukuti

Gimbali huwa na hali kadhaa za kufanya kazi. Katika hali ya kufunga, kamera huendelea kuelekea upande mmoja hata kishikio kikigeuzwa. Katika hali ya kufuata, kamera hugeuka polepole kuufuata mkono. Kuchagua hali ifaayo kunategemea utanzu unaorekodiwa, na hapa mifano miwili itatusaidia.

Wa kwanza ni zefe la Maulidi ya Lamu, sherehe ya Mfungo Sita inayohusishwa na Msikiti wa Riyadha. Zefe ni utendaji unaotembea: matari hupigwa, kasida huimbwa, na waumini husonga pamoja. Mtafiti anayesimama mahali pamoja ataona migongo ikipita. Analazimika kutembea, na katika mji huu njia nyingi ni vichochoro vyembamba. Hapo hali ya kufuata kushoto na kulia pekee ndiyo ifaayo, huku mihimili mingine miwili ikiwa imefungwa ili upeo wa macho usilale upande. Izingatiwe pia kwamba kuta zikiwa karibu, kupanda na kushuka kwa mwili huonekana zaidi, kwa kuwa jiwe lililo nusu mita kutoka kwenye lenzi huruka kwa kila hatua ilhali waimbaji walio mbali wametulia. Ni vyema kutembea katikati ya njia, kutangulia mbele ya zefe badala ya kulifuata, na kuwa na mwenzako anayekushika bega akikuongoza, kwani unarudi kinyumenyume na punda wa Lamu hawatakupisha.

Mfano wa pili ni isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kaunti ya Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma tatu, kubwa, ya kadiri na ndogo, huambatana na pembe na njuga, na mwimbaji kiongozi hutangulia wengine wakimwitikia. Kasi yake ni kubwa. Mwanafunzi mwenye gimbali hushawishika kuingia katikati na kuzunguka na wachezaji. Video itapendeza, lakini mtafiti atakaporudi chuoni na kutaka kujua ni nani aliyeitikia kwanza, au mabega ya wanawake yaliitikia pigo la ngoma ipi, hatapata jibu, kwa sababu kamera ilikuwa daima mahali pengine. Katika isukuti ningependelea hali ya kufunga, mtafiti akisimama pembeni, uwanja mzima ukionekana, na gimbali ikiachwa iuondoe tu mchoko wa mkono. Kama kuna simu ya pili, hiyo ndiyo ya kuzunguka.

Kwa mtambaji aliyeketi, gimbali haihitajiki sana. Stendi ya miguu mitatu inatosha, na asiye na stendi anaweza kuilaza simu juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharagwe, ukawekwa kwenye kiti. Mfuko huo hauna betri ya kuisha.

Jicho linalochagua

Tukirejelea dai letu la awali, gimbali za kisasa zina uwezo wa kuufuata uso wa mtu. Mtafiti huuonyesha uso wa fanani kwenye kioo, na kuanzia hapo mota humfuata popote aendapo. Watangazaji wa mitandaoni wanaupenda mno uwezo huu. Kwangu mimi, ndiyo sehemu ya kifaa inayofaa kutiliwa shaka kuliko zote.

Kifaa kinachofuata uso mmoja kimekwisha kutoa uamuzi wa kinadharia: kwamba fanani ni mtu mmoja, na kwamba wengine wote ni mandhari. Katika utambaji wa ngano, hadhira inapoitikia wimbo, nusu ya utendaji imehamia upande wa pili wa chumba. Katika majigambo kuna anayejigamba na kuna wanaompima. Katika mazungumzo ya vitendawili hakuna kabisa uso mmoja wa kufuatwa, kwa kuwa mtegaji wa sasa ndiye mteguaji wa baadaye. Kifaa kitamng'ang'ania yule wa kwanza mpaka mwisho, kwa utulivu wa kupendeza, na uchanganuzi wetu wa viziada lugha utakuwa wa mtu mmoja bila sisi kutambua kwamba mota ndiyo iliyotuchagulia.

Wapo watakaosema kwamba hata mkono wa binadamu huchagua. Ni kweli. Lakini mkono unaweza kuulizwa sababu, na mtafiti anaweza kuiandika katika daftari lake la nyanjani: saa fulani niligeuza kamera kwa hadhira kwa sababu bibi mmoja alisimama kupinga.

Sauti na idhini

Gimbali haina lolote la kuchangia katika sauti, na wakati mwingine inaidhuru. Mota hutoa mvumo mwembamba ambao maikrofoni ya simu huweza kuunasa palipo kimya, na kibano kinaweza kuiziba maikrofoni yenyewe. Kinasa sauti cha pembeni kiwekwe karibu na fanani. Mwanzoni, mtu apige kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye kwenye tarakilishi mlio wa kofi katika rekodi mbili ulinganishwe na picha.

Kifaa hiki pia huonekana. Simu iliyoshikwa mkononi imezoeleka. Simu inayojigeuza yenyewe juu ya kishikio huwafanya watu wauketi uso wao upya. Ni busara kufika nacho mapema, kuwaacha watoto wakishike, kumwonyesha mwenye kusimulia anavyoonekana kwenye kioo, na ndipo idhini iombwe. Idhini hiyo si adabu tu. Kenya ina Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayotambua haki za jamii katika sanaa zao, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na video inayoonyesha uso wa mtu kwa uwazi inaingia katika zote mbili. Kadiri picha inavyotulia, ndivyo mtu anavyotambulika. Mzee aliyekubali kurekodiwa kwa ajili ya tasnifu hajakubali kuwekwa mtandaoni, na sharti aulizwe mambo hayo mawili kando kando.

Baada ya kurekodi, nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti kabla ya kuondoka kijijini. Kisha, kama muda upo, fanani aketishwe aitazame video yake mwenyewe, mtafiti akiwa na daftari lenye safu nne: wakati, maneno, viziada lugha, na hadhira. Video ikiwa imetulia, fanani huona mkono wake mwenyewe na anaweza kuulizwa kwa nini uliashiria mlangoni alipomtaja zimwi, ilhali katika mkondo wa hadithi zimwi lilikuwa bado msituni.